Imeandikwa Vizuri, na Siipendi

Wahariri wa safu, salaam.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule ya sekondari ya wasichana mkoani Morogoro, na ni mlezi wa klabu ya usomaji. Klabu ina wasichana 22, wengi wa kidato cha pili na cha tatu. Muhula huu wamepagawa na riwaya moja ya mapenzi ya vijana. Tunazo nakala 6 tu, zimeshakunjika kona zote kwa kupokezanwa bwenini. Jina lake nimewaandikia pembeni, naomba msilitoe. Mtunzi bado kijana na sitaki barua hii imfikie kama fimbo.

Habari yenyewe ni hii. Binti wa kidato cha tatu, miaka 16, anavuka kila siku kwa pantoni ya Kigamboni kwenda shule. Humo anakutana na kijana wa kidato cha tano, miaka 17. Wanazimikiana. Ukurasa wa 112 kijana anamwomba binti simu, anasoma meseji zake, anafuta namba ya binamu yake. Mvua inanyesha, anamvisha sweta lake la shule. Baadaye wanasingiziwa jambo, wanagombana, wanapatana. Mwishoni kijana anakwenda chuo Dodoma na binti anabaki kuvuka peke yake. Kurasa 248.

Ni kazi nzuri, siwezi kuikana. Sijaona kosa la uchapaji. Watoto wanaongea kama watoto, hakuna anayetoa hotuba ya mgeni rasmi. Pantoni imesawiriwa mpaka unasikia harufu ya dizeli. Ningekuwa nasahihisha, fani ningeipa 18 kati ya 20. Lakini nimemaliza kitabu nimenuna. Tangu katikati nilikuwa nasoma ili nimalize tu, na sababu siijui.

Mwenzangu ofisini ananicheka, "Mwalimu, huo ni uzee." Nina miaka 38, huenda ni kweli. Lakini naona wasichana wameandika maneno ya yule kijana kwenye majalada ya madaftari yao, na roho inakataa.

Ijumaa ya wiki ijayo naongoza mjadala wa kitabu hiki, vipindi viwili vya dakika 40. Mkuu wa shule anataka pia mapitio ya ukurasa mmoja kwa gazeti la ukutani. Halafu kuna fungu la kununua vitabu 12, na wasichana wanataka zote 12 ziwe nakala za riwaya hiyohiyo. Nijifanye nimeipenda? Niseme ni mbaya, wakati si mbaya? Au niseme haifai?

Mwalimu, Morogoro


Mwalimu, salaam nyingi.

Kitabu tumekisoma mara mbili, ya pili penseli ikiwa mkononi. Tuanze na mwenzako wa ofisini, maana maneno yake yana ukweli kidogo na tukiyaacha yatakusumbua mpaka Ijumaa.

Riwaya za aina hii mara nyingi husimuliwa kwa nafsi ya kwanza, na hii imeongeza wakati uliopo: naingia, namwona, moyo unanilipuka. Mtunzi kachagua hivyo makusudi. Msimulizi wa miaka 16 anayesimulia jambo lingali linatokea hana pa kusimama akalitazama kwa mbali. Hana ile "siku hizo sikujua kwamba". Msomaji wa miaka 15 anaona kapata shoga. Msomaji wa miaka 38 anajikuta amefungiwa chumbani na mtu anayepiga vigelegele, na hakuna mwingine humo wa kumkonyeza. Ile haya unayomwonea, ya kutaka kufunika uso anapojiandika jina la kijana kiganjani, ni umri wako, ndiyo. Halafu kuna mazoea. Sweta la mvuani wewe ulishalisoma sana, pengine likiwa koti, pengine likiwa kanga. Wao ndiyo mvua yao ya kwanza. Hapo kitabu hakina kosa, na wewe huna.

Ila umri ungekuchosha tangu ukurasa wa kwanza. Wewe unasema pantoni ilikupendeza na kununa kulianza katikati. Uzee hauanzii ukurasa wa 112.

Maswali yako matatu ya mwisho yanachanganya kauli tatu ambazo kila moja ina ushahidi wake. "Sikuipenda" ni habari yako wewe, na hakuna wa kukubishia. "Ni mbaya" ni habari ya kitabu: ushahidi lazima utoke kurasani, mtu mwingine akifungua palepale auone. "Haifai" ni habari ya msomaji mwingine, yaani nani, wa umri gani, anasoma na nani pembeni yake. Rosa Mistika ya Kezilahabi ilitoka mwaka 1971, ikapigwa marufuku mashuleni, kisha baadaye ikasomwa darasani. Kati ya hukumu hizo mbili riwaya ilikuwa ileile; waliobadilika ni wasemaji wa kauli ya tatu. Kwa hiyo ukitamka "haifai" kabla hujajua kwa nini hukuipenda, utakuwa umeruka ngazi mbili.

Sasa kazi yenyewe. Inachukua kama saa moja na nusu, na ni vizuri uifanye Jumamosi kabla hujachoka na wiki.

Funga kitabu. Weka saa dakika 10 uandike unachokumbuka bila kufungua: matukio, vitu, maneno ya watu. Maoni usiandike. Kilichobaki kichwani bila kulazimishwa ndicho kilichokuuma au kukufurahisha. Hata barua yako imeshafanya hivyo bila wewe kukusudia, kwa sababu katika kurasa 248 umetaja ukurasa mmoja tu kwa namba yake.

Kisha soma upya kurasa tano kabla ya hapo na kumi baada, yaani 107 hadi 122. Usirudie kitabu kizima. Anayerudia kitabu kizima akiwa amenuna huokota makosa kama anayeokota mawe ya kurusha, na ataishia kumlaumu mtunzi hata kwa ukubwa wa herufi. Tumia penseli laini isiyoacha mfereji kwenye karatasi, na pembeni mwa mistari weka alama za aina tatu. T ni tendo, kitu ambacho aliyesimama pale angekiona kwa macho. H ni hisia iliyotajwa kwa jina lake: nampenda, naogopa, nina furaha. M ni mapambo: tashibiha, sitiari, tashihisi na ndugu zake. Kila unapoweka M, andika na jina la anayepambwa. Hilo la jina ndilo watu husahau, na ndilo lenye majibu.

Mfano wa kujitungia wenyewe, si wa kitabu hiki:

"Alinitazama, na macho yake yakawa bahari alfajiri, wavuvi hawajaiamsha. Nilikuwa ngalawa iliyokatika kamba, naenda nikotaka kupelekwa. Sauti yake ilinifunika kama blanketi la baridi ya Lushoto."

Futa M zote. Kinachobaki ni kwamba alinitazama na akasema kitu. Kitu gani, hatujui. Aya ni tamu na humo hakuna kilichotokea. Linganisha na hii:

"Alinunua mihogo miwili ya kuchoma. Mmoja ulikuwa mdogo, umeungua upande. Akachukua huo, akasema yeye hupenda ulioungua. Jumanne nikamwona akibandua sehemu iliyoungua na kuitupa baharini."

Hapa hakuna cha kufuta. Mapambo hayapo, hisia haikutajwa hata moja, na kila msichana wa klabu yako ataona kijana kampenda binti. Mtunzi dhaifu huwa ana aya za aina ya kwanza peke yake. Mtunzi wenu anazo zote mbili, na mihogo yake iko ukurasa wa 41, pale kijana anapohamia upande wa jua kwenye sitaha ili binti apate kivuli, na hasemi neno. Hapo bado mlikuwa pamoja, wewe na mtunzi.

Twende 112. Ukifuta mapambo ya kurasa 112 hadi 115, matendo yanayobaki kwa mpangilio ni haya: anaomba simu. Binti anasita. Anaomba tena. Anapewa. Anasoma. Anafuta namba. Anarudisha simu. Anavua sweta, anamvisha. Yasome kwa sauti kavu, kama kiranja anayesoma matangazo paredi, uone kama sweta bado ni zuri.

Kisha hesabu M. Sisi tulipata 19 tangu 112 hadi 119. Za kijana na mvua yake ni 16. Binti ana 2. Rafiki yake, yule anayemwonya kwenye ukurasa wa 119, anayo 1, nayo inamdhalilisha, kwa kuwa sauti yake inafananishwa na ya mbu.

Kinyongo chako kiko hapo. Umeandika kwamba imeandikwa vizuri lakini hukuipenda, kana kwamba maneno hayo mawili yamegombana. Kwenye kurasa hizi la kwanza limezaa la pili. Uandishi mzuri ni uwezo wa kushawishi, na uwezo wote amepewa kijana siku aliyofanya jambo baya kuliko yote aliyofanya kitabuni. Angeandika mtu asiyejua kazi, ungecheka ukageuza ukurasa. Huyu alikaribia kukupata. Zile alama 18 ulizompa ndizo zilizokunyima raha.

Swali linalofuata ni gumu zaidi: je, mtunzi mwenyewe anajua? Unafundisha fasihi, hatuhitaji kukueleza kwamba msimulizi na mtunzi ni watu wawili. Binti anaona kalindwa. Hiyo ni haki yake, ana miaka 16 na amelowa. Tunachotafuta ni kama aliyemwandika anaona zaidi yake. Dalili hutafutwa mahali pachache: nani analipia jambo lile baadaye, wengine wanafanya nini wakilisikia, na sura inafungwa kwa sentensi ya nani. Juliet wa Shakespeare hajatimiza miaka 14, na tangu akutane na Romeo mpaka wote wawili wafe wiki haijaisha. Haraka ile mtunzi anaijua vizuri. Amemweka mtawa, Laurence, amkebehi Romeo kwamba juzijuzi tu alikuwa akimlilia binti mwingine, Rosaline. Mistari michache ya mtu mzima mmoja, na mtazamaji anatulia kwamba kuna aliyeshika usukani.

Kwenye nafsi ya kwanza, wakati uliopo, mtawa hana pa kuingilia. Mtunzi wa namna hii akitaka kusema jambo ambalo msimulizi wake halijui hulificha kwenye vitu. Fungua ukurasa wa 131. Yule rafiki anaandika namba ya binamu kwenye kipande cha karatasi, anakitumbukiza ndani ya mkebe wa hesabu wa binti, anafunga mkebe, anaondoka. Sentensi mbili. Sasa fungua 244, pantoni ya mwisho. Simu inaita, jina la kijana linaonekana, na kabla ya kupokea binti anafungua mkebe. Sura inaishia hapo, hatuambiwi alipokea au la.

Tunadhani mkebe ulikupita, maana muhtasari wako unasema tu "anabaki kuvuka peke yake". Wengi watapitwa. Umewekwa kwa sentensi mbili kavu katikati ya barua ya mapenzi ya ukurasa na nusu.

Kwa hiyo hukumu yetu ni hii: mtunzi anajua, ila amejua kwa sauti ndogo mno. Ujuzi wake kauweka ndani ya mkebe na utamu wote kaumwaga mvuani. Kwa msomaji mwenye mazoea, mkebe unatosha na pengine ndio unaokifanya kitabu kiwe kizuri. Kwa msichana wa miaka 14 anayesoma kwa tochi chini ya shuka baada ya taa kuzimwa, mvua inashinda. Ni kasoro ya kipimo, kama chumvi, na unaweza kuitaja mbele ya mtunzi mwenyewe bila kumwonea.

Mengine usimbebeshe. Mapenzi kuwa katikati ya kila sura, mwisho kuacha tumaini, kijana kuwa mzuri wa sura: ndiyo riwaya ya mapenzi ilivyo, na kuilaumu kwa hayo ni kulaumu pilau kwa kuwa na mchele. Ugomvi wa ukurasa wa 187 nao tuliupima kwa kipimo cha meseji moja. Uliza kama ujumbe mmoja wa simu ungeumaliza. Kama ungeumaliza, uliza kwa nini haukutumwa. Riwaya nyingi za aina hii hufia hapo, wahusika wananyamaziana kurasa 40 kwa sababu tu kitabu bado hakijafika mwisho. Hapa simu iko kabatini kwa baba, na tunajua tangu ukurasa wa 160 kwa nini iko huko. Amefaulu.

Ya madaftari: kabla roho haijakataa zaidi, tazama ni maneno gani wameyaandika. Kama ni ya ukurasa wa 41, waache. Kama ni yale ya 113, kwamba anayependwa hana siri, basi una mjadala mkononi.

Kwenye mjadala wenyewe, usitoe maoni yako kabla ya dakika ya 60. Mwalimu akishasema, wasichana 22 wanabaki na maoni mawili, ya kukuridhisha na ya kukukomoa. Waanze na kurasa. Kila mmoja apewe kikaratasi, aandike namba ya ukurasa mmoja anaoukumbuka zaidi, bila jina, bila sababu. Zikusanye, mmoja azisome, mwingine azipange ubaoni. Dakika 10 zinatosha. Tunatarajia namba nyingi zitarundikana kati ya 112 na 115, na huo mrundikano ndio utakaokuruhusu uingie hapo bila kuonekana umewatega. Isipotokea hivyo, anza walikorundikana wao. Ukilazimisha 112 watajua.

Kisha wachague wawili wasome 112 kwa sauti. Mmoja asome maneno ya kijana peke yake, mwingine maneno ya binti peke yake, kila kitu kingine kirukwe, mvua na yote. Wasiigize. Binti ana maneno manne katika ukurasa mzima, na ukimya wa kumsubiri aongee utafanya kazi kuliko swali lolote utakalouliza. Acha ukimya huo ukae, usiujaze.

Halafu wagawe kwa nakala zenu 6: makundi manne ya wanne, mawili ya watatu. Wape dakika 15 wahesabu M na majina kama ulivyofanya wewe, kila kundi ukurasa wake mmoja au miwili, na jumla iandikwe ubaoni. Baada ya hapo wape kazi ya kuandika, dakika 15: ukurasa wa 119, rafiki anapoonya, wampe tashibiha mbili nzuri kama zile za kijana, badala ya ya mbu. Wasibadilishe anachosema, wabadilishe mavazi yake tu. Somesheni tatu au nne kwa sauti. Kitu kinachowashangaza wengi kwenye zoezi hili ni kwamba onyo lilelile, likivaa vizuri, linaanza kuwavuta. Wenye kipaji cha uandishi utawaona hapohapo, watakuwa ndio wanaokataa kuacha kuandika muda ukiisha.

Kinachoharibu mjadala wa namna hii ni kuugeuza kipindi cha nasaha. Ukiuliza "Je, huyu ni mvulana mwema?" watakujibu wanachojua unataka kusikia, na kuanzia siku hiyo wataficha wanachosoma. Uliza kitu chenye ukurasa: binti anasita mstari mmoja na nusu kabla ya kutoa simu, anafikiria nini ambacho hakukiandika? Na ikitokea msichana akaanza kusimulia yaliyompata yeye mwenyewe, mkatize kwa upole, mwambie unataka kumsikia vizuri baada ya kipindi, na umsikie kweli siku hiyohiyo, pamoja na mwalimu wa malezi ikibidi. Mbele ya wenzake 21 si mahali pake.

Watakuuliza kama uliipenda. Wajibu. Kujifanya hakutakusaidia, walishaona uso wako ulipokuwa ukikisoma stafu. Sema hivi au karibu na hivi: "Mpaka ukurasa wa 111 niliipenda sana. Wa 112 ulinikasirisha, na nimegundua ulinikasirisha kwa sababu umeandikwa vizuri mno. Halafu wahariri fulani wakanionesha mkebe." Waache waulize mkebe gani. Kama kuna aliyeuona kabla yako, na kwenye wasichana 22 anaweza kuwapo, mpe nafasi aeleze yeye.

Mapitio ya gazeti la ukutani yasizidi maneno 350, zaidi ya hapo hakuna anayesimama kusoma. Hadithi ipe sentensi tatu tu na mwisho usiuseme. Sehemu kubwa itumie kwa vitu viwili vya karibu, kivuli cha ukurasa wa 41 na mvua ya 112, ukinukuu kutoka kila kimoja sentensi moja fupi na namba ya ukurasa, ili msomaji akakague. Kutopenda kwako ukupe aya moja na ukuweke kwenye nafsi yako: "Mimi nilitaka rafiki naye apewe sentensi nzuri." Kauli ya hivyo ina mahali pa kushikwa. "Inachosha", "haina mafunzo" na "kwa wapenda mapenzi tu" hazina, na ya mwisho ni tusi kwa nusu ya bweni. Usiandike "hata hivyo, mtunzi anastahili pongezi". Ukurasa wa 41 umeshampongeza.

Sasa fedha. Nakala 12 za kitabu kimoja ni nyingi. Nunua 5, mtakuwa na 11, na kwa wasichana 22 hiyo ni nakala moja kwa kila wawili, inatosha kusoma kwa kufuatana sura kwa sura. Zilizobaki 7 ziwe vitabu saba tofauti, nakala mojamoja. Ukiwa dukani usiamini maelezo ya nyuma ya jalada, huwa hayaandikwi na mtunzi. Fungua katikati, soma kurasa mbili, utafute mihogo. Katika hivyo saba, angalau viwili visimuliwe na mtu mzima anayekumbuka ujana wake, ili wasichana waonje ile "siku hizo sikujua kwamba" ambayo riwaya hii imewanyima. Kimoja kiwe na kijana msimulizi, maana tangu muhula uanze wanamwona mvulana kwa nje tu. Kimoja mapenzi yawe pembeni kabisa, binti ana shughuli zake. Vitatu waache wachague wao, wala usipige kura ya veto hata kama majalada yana machweo na farasi.

Nakala yako uliyoichora penseli usiirudishe rafuni kabla ya Ijumaa. Wakiipata watasoma alama zako kwanza, na 112 itakuwa imeshaharibika.